Swali Nililoruka kwa Sababu ya Mkwe

Jumatano, tarehe kumi na nane Februari. Joto kali tangu asubuhi, na upepo wa vumbi umepiga hapa Voi mpaka shuka nilizoanika zimekuwa rangi ya matofali. Saa nane mvua ilijaribu kule milima ya Mbololo, ikabadilisha nia.

Nimestaafu wiki sita sasa. Siku ya kuniaga, wenzangu wa chumba cha sindano walinipa saa ya ukutani na daftari. Saa inanionyesha kila asubuhi kwamba nimechelewa, sijui wapi. Daftari walisema niandike yale mambo ya sindano za wanaume kabla sijayasahau. Sina hakika kama mimi ndiye wa kuandika. Nilimaliza kidato cha nne na alama za kupata cheti cha unesi, hazikuzidi hapo, na daktari Kilonzo, tabibu wa zahanati yetu, angeeleza vizuri kuliko mimi. Lakini Kilonzo akiandika hata yeye mwenyewe hawezi kusoma, kwa hivyo naandika mimi. Nikikosea mnirekebishe, taratibu.

Siku yangu ya kwanza chumba cha sindano nilipokelewa na Sista Hadija, mama wa Kiislamu wa hapa Voi aliyeingia na buibui hadi mlangoni, kisha aproni nyeupe. Aliniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso.

"Mwanangu, mkono huu ni wa kutwangia mahindi," akasema. "Lakini usijali, tutautia adabu."

Wiki nzima nilidunga mapapai mabichi. Jioni nayapeleka nyumbani, na mume wangu, Mzee Mwadime, anauliza haya matundu ni ya wadudu gani. Sista Hadija alinifundisha mengi, lakini la kwanza lilikuwa hili: "Mtu aliyelala kifudifudi hakuoni unachofanya. Basi mwambie kila jambo kabla hujalifanya, na umuulize kila jambo kabla hajalala." Hilo la pili ndilo nililokuja kulivunja, nitafika huko.

Sindano za homoni ya kiume zilipoanza katika zahanati yetu, Sista Hadija alikuwa ameshastaafu na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa chumba. Homoni yenyewe inaitwa testosteroni. Kuna wanaume ambao mwili umeacha kuitengeneza ya kutosha. Wengine korodani zimeumia, wengine ni ile tezi ndogo chini ya ubongo, inayotoa amri, ndiyo imeharibika. Mtu anachoka, ndevu zinapungua, mifupa inalegea, hamu ya chumbani inaisha, na anakuwa wa kununa. Lakini si kila mwanaume aliyechoka na kununa ana ugonjwa huo. Voi mwezi wa pili kila mtu amechoka na kununa. Ndiyo maana Kilonzo alikataa kabisa kuanza dawa kwa maelezo tu. Damu ipimwe asubuhi, kabla ya saa nne, na ipimwe tena asubuhi nyingine, kwa sababu mchana homoni hiyo hushuka hata kwa mtu mzima kama ng'ombe dume. Kuna waliokuja na karatasi ya kipimo cha saa tisa alasiri kutoka duka la dawa. Tuliwarudisha wakalale, waje alfajiri.

Dawa yenyewe ni mafuta. Nyinyi mnaijua, lakini niandike kwa atakayekuja baada yenu. Ni nzito, na asubuhi ya baridi haitoki kwenye kichupa. Ishike kiganjani dakika chache ipate joto la mtu. Usiiweke kwenye maji ya chai, nimeona mtu akifanya. Vuta kwa sindano ya waridi, ile nene, kisha ubadilishe uchome kwa ya kijani. Kalio lina pembe nne, yako ni ile ya juu upande wa nje, na leo ukichoma kulia, safari ijayo ni kushoto. Sukuma polepole mpaka mgonjwa aanze kuboeka. Ukiharakisha, atakohoa kama amemeza pilipili, na keshokutwa hataweza kukaa kwenye pikipiki. Ukimaliza, akae kwenye benchi nusu saa umwone anavyopumua. Hilo la benchi walilichukia wote, kwa sababu lilikuwa linatazamana na benchi la kliniki ya watoto, na akina mama wa kliniki ya watoto wana macho.

Tulipata visa. Kijana mmoja wa jimu alikuja anataka aongezewe. Kilonzo akasoma majibu ya damu, akamwambia, "Wewe unayo ya kugawia kata nzima, nenda nyumbani." Mzee mmoja wa Mata, mtu mpole, aliomba nusu ya dawa yake tumfungie kwenye sindano ampelekee kaka yake ambaye pia amechoka. Nilimwambia mzee wangu, hii si ugoro. Na mwingine alikuwa anachomwa kwetu, kisha anajiongezea ya kununua kwa rafiki, akisema yetu haifiki wiki ya tatu. Damu yake tuliikuta imekuwa nzito kuliko inavyotakiwa, na uso mwekundu. Damu nzito huganda, ikiganda ni mguu au ni kichwa. Kwa haki lazima niseme alikuwa anatuambia ukweli, dawa ilikuwa inamwishia mapema kweli. Kilonzo alimpunguzia dozi na kuzikaribianisha siku za sindano, akatulia. Angetuuliza kwanza tungemsaidia kwanza.

Kwa ajili ya mambo hayo Kilonzo alitengeneza fomu ya maswali kumi, ikatolewa kopi ikiwa imepinda, na imepinda mpaka leo. Una shida ya tezi dume? Unakoroma na kukatika pumzi usingizini? Moyo? Presha? Damu imewahi kuganda? Hivyo hivyo mpaka la tisa: unataka mtoto sasa au karibuni? La kumi ni la nambari ya simu.

Hilo la tisa watu wengi hawaelewi liko hapo kwa nini. Kila mtu anadhani dawa ya kiume inaleta watoto. Ni kinyume. Mwili ukiona homoni inaletwa kutoka nje, unafunga kiwanda cha ndani, na mbegu hupungua, mara nyingine huisha kabisa. Mwanaume anajisikia simba, na simba hana kitu. Na nisieleweke vibaya, si dawa ya kupanga uzazi, maana kuna waliojaribu na wakashangaa.

Sasa nifike kwa Righa. Jina nimebadilisha, na yeye mwenyewe ameniruhusu niandike, kupitia kwa mume wangu.

Righa ni wa Kasigau, analima mahindi na pojo chini ya mlima. Ameoa Wawuda, mtoto wa dada yangu Mghoi, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Kwa hivyo Righa ni mkwe wangu. Katika familia yetu, mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa mbali. Hatupeani mkono, hatukai benchi moja, tukikutana njiani mmoja wetu anapata ghafla kitu cha kutazama upande mwingine. Wengi wameyaacha. Mimi na Righa hatukuwa tumeyaacha, na nilikuwa najivunia.

Msimu mmoja alikuwa anachunga shamba juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti cha kulindia mahindi. Ndovu wakaja, mmoja akajikuna kwenye nguzo, dungu likaanguka na Righa akatangulia kwa kichwa. Alilazwa, akapona, akarudi nyumbani. Lakini mwaka haukuisha akawa mtu wa kulala mchana, ndevu zimegoma, na mengine ambayo mkwe haambiwi. Hospitali kubwa walimpima asubuhi mbili, wakaona ile tezi ya chini ya ubongo haitoi amri, wakampa barua aje achomwe karibu na kwao. Karibu na kwao ni kwangu.

Siku aliyofika, Kilonzo alikuwa semina. Tulikuwa mimi na Mwanjala, nesi mwanaume, mtu mzuri sana ambaye siku hiyo alikuwa amesahau miwani. Nilivyoona ni nani amesimama mlangoni, nilirukia nyuma ya pazia kama msichana. Righa naye akageukia ukuta akaanza kusoma bango la kunyonyesha.

"Sasa itakuwaje?" Mwanjala akauliza. "Mimi sioni fomu."

"Mimi nasoma kopi nyingine huku nyuma, wewe unamuuliza, unaweka tiki kwenye hiyo yako," nikasema. "Muulize kama anakoroma."

"Unakoroma?"

"Mke wangu anasema nakoroma," Righa akamjibu Mwanjala.

"Muulize kama pumzi inakatika."

"Mwambie mama haikatiki, inaendelea tu."

Tukaenda hivyo, la kwanza mpaka la nane, na mimi nilikuwa naona tunafanya kazi nzuri. Nikafika la tisa. Nililisoma kimoyomoyo. Kumuuliza mkwe wangu, hata kwa mdomo wa Mwanjala, kama anataka kumpa mtoto wangu mimba! Ulimi ulikataa. Nikajiambia hospitali kubwa walishamuuliza. Nikasema, "La mwisho, nambari ya simu." Mwanjala akaandika nambari, na kwa vile alikuwa anahesabu mistari kwa vidole na hakutaka kuacha hata mmoja wazi, la tisa likapata tiki kwenye "hapana" kama mengine. Mwanjala alichoma, vizuri sana, na mimi nilibaki nyuma ya pazia nikisikiliza kama anasukuma polepole.

Kuhusu kosa hili nimepima mara nyingi. Mwanjala angeweza kuleta miwani. Hospitali kubwa wangeweza kumweleza. Righa mwenyewe angeweza kusema. Lakini fomu ilikuwa mkononi mwangu.

Dawa ilimfaa. Kila wiki ya tatu Ijumaa alikuwa anakuja, Mwanjala anamchoma, damu inapimwa ilivyopangwa na iko sawa. Ndevu zikarudi, akajenga dungu jipya la nguzo za chuma. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Kisha siku moja, Jumatano, dada yangu Mghoi akaja kwangu amefura. Hata chai hakugusa.

"Wananiitia mkutano Kasigau Jumapili," akasema. "Mama yake Righa anasema mtoto wangu ni tasa. Anasema kijana wake ameshapona, nguvu amerudisha, kila mtu anaona, sasa kilichobaki ni nani? Wanataka arudishwe nyumbani kijana aoe mwingine."

"Wawuda anasemaje?"

"Wawuda? Analia akifua."

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuuchambua, nikautupa mchele na kubakiza mawe. Dada akaniangalia, "Na wewe una nini?" Nikaanza kuokota mchele chini. Siri ya mgonjwa si yangu, hata mbele ya dada wa tumbo moja. Kesho yake nilifungua faili kabla sijavua koti. Tiki ilikuwepo, imekaa vizuri, mahali pasipo pake.

Nilimwonyesha Kilonzo na nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, maswali ni kumi, si tisa," akaenda kunawa mikono. Ningependelea kelele.

Ijumaa Righa akaja kwa sindano yake. Kilonzo akamkalisha, mimi nyuma ya pazia.

"Mwambie mkwe wangu," nikamwambia Kilonzo, "kuna swali sikumuuliza ile siku ya kwanza."

"Mama, mwambie mwenyewe, yuko hatua mbili."

"Mwambie."

"Siwezi," Kilonzo akasema. "Hili ni lako."

Nilisikia benchi likilia, Righa anajigeuza. Nikatoka. Sikumtazama usoni, nilitazama viatu vyake, lakini nilitoka.

"Righa. Unataka mtoto?"

"Ndiyo, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Tangu tuoane."

Nikamwambia nilivyoliruka swali hilo, na Kilonzo akamweleza dawa inavyofanya. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo Wawuda hana kitu?"

"Hatujampima, siwezi kuapa," Kilonzo akasema. "Lakini hata angekuwa mzima namna gani, ukiwa kwenye hii sindano nafasi ni ndogo sana. Nimeongea na hospitali. Leo hatuchomi. Nakuandikia barua kwa daktari wa homoni Mombasa. Kwa shida yako wewe, ya amri kutoka juu, kuna sindano za aina nyingine za kuamsha kiwanda chenyewe. Zinachukua miezi, huenda mwaka, na si lazima zikubali. Na hapa katikati utachoka tena."

"Nimerudi kuwa mtu juzi tu, daktari."

"Najua."

Righa akakunja barua mara nne. "Na Jumapili? Nisimame mbele ya wajomba niseme mimi ndio sina? Afadhali ndovu."

"Mimi sitasema neno," nikamwambia. "Siri ni yako. Nitakaa pale na akina mama nisikilize Wawuda akisemwa."

Sijui kama nilisema hivyo kumtuliza au kumbana. Nimejiuliza sana. Nadhani nilisema kumbana.

Jumapili barabara ya Kasigau ilitutikisa mpaka dada akaacha kununa akaanza kujishikilia. Mkutano ulikuwa uani kwa mama yake Righa, wajomba watatu kwenye viti, sisi kwenye mikeka. Nimtendee haki mama huyo: hakutukana. Alisema anampenda Wawuda, ni mchapakazi, lakini mwanawe ni mmoja na yeye anazeeka. Wawuda alikuwa anaangalia vidole vyake. Mjomba mkubwa akauliza kama kuna mwenye la kusema. Righa alikuwa amekaa nyuma karibu na ghala, na nilidhani ameshaamua kutosema.

Kisha akasimama.

"Msimguse mke wangu," akasema. "Shida ni mimi. Nilipoanguka, kichwa kiliharibika pale panapotoa amri ya uanaume. Nachomwa sindano mwaka sasa. Hizo nguvu mnazoona ni za kichupa. Na hicho kichupa kinazuia mtoto. Sikujua. Nimejua juzi."

Hakuna aliyecheka, na Kasigau watu wanacheka. Mama yake alifunika mdomo na leso. Wawuda akasema pale chini kwenye mkeka, bila kuinua uso, "Mimi nilijua anachomwa. Niliona bora mnicheke mimi."

Hapo mimi nikashindwa. Niliinua macho kwa Righa, akatikisa kichwa kwamba sema. Nikasimama nikawaambia kwamba kuna swali lililopaswa kuulizwa siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyeliruka.

"Uliliruka kwa nini, mama nesi?" mjomba mkubwa akauliza.

"Kwa sababu ni mkwe wangu."

Wajomba wote watatu wakatikisa vichwa pamoja. "Aaa," mkubwa akasema, "hapo ulifanya sawa. Ungeulizaje?" Wenzake wakaitikia, na mmoja akanisifu kwa malezi.

Kuhukumiwa kungenifaa kuliko sifa ile. Niliwaambia hapana wazee wangu, sikufanya sawa, mtoto wetu amelia mwaka kwa sababu ya adabu yangu. Wakanivumilia. Lakini habari ya kumrudisha Wawuda haikutajwa tena, na mama yake Righa alimfuata jikoni, wakakaa huko muda mrefu. Kilichosemwa sikijui na sijauliza.

Kwa hivyo nyinyi mlio chumbani sasa: swali la mtoto nimelihamisha likawa la kwanza, na chini nimeandika kwa mkono wangu kwamba mgonjwa akiwa mkwe, shemeji au mtu unayemheshimu mpaka ulimi unakataa, mpe mwenzako fomu yote. Si nusu. Wewe toka nje kabisa, ukaangalie kuku.

Righa alikwenda Mombasa. Sindano mpya ni za chini ya ngozi ya tumbo, mara tatu kwa wiki, na Wawuda ndiye anayemchoma. Nilimfundisha mwenyewe, ana mkono mwepesi kuliko wangu. Miezi ya kwanza Righa alichoka, akanuna, ndevu zikasita, na shamba nusu lilibaki bila kupaliliwa. Mimi na yeye tulirudi kwenye heshima yetu. Njiani bado anatazama mlima.

Leo saa kumi na moja jioni, nikiwa naandika haya, simu ya Mzee Mwadime imelia. Ameiweka kwa spika.

"Baba, shikamoo. Mwambie mama majibu ya Mombasa yametoka."

"Anasikia, yuko hapa ameshika kalamu."

"Mwambie wameonekana."

Mbegu hazitajwi kati ya mkwe na mama, kwa hivyo nimemwambia mume wangu, "Muulize wako wangapi."

"Wachache," Righa akasema. "Daktari anasema ni wachache sana. Lakini wanatembea."

"Wanatembea wanaenda wapi?" mume wangu akauliza.

Nimemnyang'anya simu, nikakumbuka, nikamrudishia. Kisha nikasikia Wawuda akicheka kwa mbali, kicheko ambacho sijakisikia tangu harusi yake, akasema, "Mama mdogo, tusiseme sana bado. Tunaendelea."

Jioni hii tumekula kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, na mboga ya kunde. Mzee amekula sahani mbili, akafuta mdomo, akaniuliza tena wanaenda wapi.